Makovu ya Ini kwa Mwenye Homa ya Ini B au C: Mwongozo Kamili wa Kuyakadiria kwa Vipimo vya Damu

Mtu akishaambiwa ana virusi vya homa ya ini B au C, na virusi hivyo vimekaa mwilini zaidi ya miezi sita, linabaki swali moja zito ambalo kipimo cha virusi hakilijibu: ini limeshapata makovu kiasi gani? Jibu lake ndilo linaloamua mambo mengi yanayofuata: kama dawa zianze sasa, zitumike kwa muda gani, na kama mgonjwa anahitaji kufuatiliwa kwa hofu ya saratani ya ini.

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwa sindano. Daktari alimchoma mgonjwa ubavuni, akatoa kipande chembamba cha nyama ya ini, kikaenda kutazamwa kwa hadubini. Kipimo hicho bado kina nafasi yake, ila kinauma, kinaweza kusababisha damu kuvujia ndani, na kipande chenyewe ni takriban sehemu moja tu kati ya elfu hamsini ya ini zima. Makovu hayakai sawasawa kila pembe ya ini, kwa hiyo sindano ikiangukia penye nafuu, jibu litakuwa la nafuu isiyokuwepo.

Leo sehemu kubwa ya jibu hupatikana kwa namba nne: umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini viitwavyo AST na ALT, na idadi ya chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Wagonjwa wengi tayari wana namba hizi kwenye majalada yao bila mtu yeyote kukaa chini na kuzipigia hesabu. Hilo linanisikitisha, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya dakika mbili. Nimeandika mwongozo huu kwa mgonjwa anayetaka kuelewa karatasi yake na kwa muuguzi au tabibu anayemhudumia. Namba utakazopata ni za kuzungumza na daktari, si za kuanza wala kuacha dawa peke yako.

Kwa nini damu inajua habari za ini

Virusi vinapoliumiza ini mwaka baada ya mwaka, mwili hujaribu kuziba majeraha. Ndani ya ini kuna seli ambazo kwa kawaida kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Uchochezi ukidumu, seli hizo hubadilika na kuanza kumwaga nyuzi ngumu za kolajeni. Nyuzi zikirundikana, hilo ndilo kovu.

Wataalamu wa hadubini hulipima kovu kwa ngazi tano za mfumo uitwao METAVIR. F0 ni ini lisilo na kovu. F1 ni kovu dogo karibu na mishipa. F2 ni kovu lililoanza kunyoosha mikono, na hapa ndipo madaktari husema kovu ni la maana. F3 ni kovu kubwa linalounganisha sehemu na sehemu. F4 ni sirosisi: ini limegawanyika vinundu vinundu na limekakamaa.

Ini likikakamaa, damu inayotoka tumboni na kwenye matumbo hupita humo kwa shida. Shinikizo hupanda kwenye mshipa mkuu unaoingia kwenye ini, na bandama, ambayo damu yake hupitia mshipa huohuo, huvimba. Bandama iliyovimba huzuia chembe sahani nyingi ndani yake. Isitoshe, homoni inayoamrisha uboho kutengeneza chembe sahani hutengenezwa na ini lenyewe, na ini dhaifu huitengeneza kwa uchache. Ndiyo maana chembe sahani zinazoshuka taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa mtu mwenye homa ya ini sugu, ni dalili ninayoiogopa kuliko ALT iliyopanda ghafla.

AST na ALT nazo zina hadithi yao. Zote mbili huvuja kutoka kwenye seli za ini zilizoumia. Mwanzoni mwa homa ya ini sugu, ALT kwa kawaida huwa juu kuliko AST. Makovu yakizidi, mambo hugeuka na AST huipita ALT. Ukiona mgeuko huo kwenye jalada la mtu mwenye virusi asiyekunywa pombe, usiupite tu.

Hatua ya 1: Damu ichukuliwe wakati unaofaa

Hesabu nzuri juu ya damu iliyochukuliwa vibaya haina maana. AST haimo kwenye ini pekee: imo pia kwenye misuli na ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtu aliyebeba mizigo mizito au kufanya mazoezi makali siku chache zilizopita anaweza kuonekana ana ini bovu kumbe ni misuli. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa ya damu kwa sababu ya sindano nyembamba mno au kutikiswa, AST hupanda kwa uongo.

Basi, kabla ya kupima, pumzika na kazi ngumu kwa siku kadhaa, na usipime ukiwa na homa au maambukizi mengine makali kama hakuna ulazima. Ikiwezekana, chembe sahani na vimeng'enya vitokane na damu iliyochukuliwa siku moja. Kuchanganya AST ya mwezi huu na chembe sahani za mwaka jana ni kujidanganya.

Upande wa chembe sahani kuna mtego wa maabara ambao wengi hawaujui. Kwa baadhi ya watu, dawa ya EDTA iliyomo kwenye chupa ya kupimia damu huzifanya chembe sahani zishikamane mafungu mafungu, na mashine ikahesabu chache kuliko zilizopo. Namba ikitoka ndogo ajabu kwa mtu asiye na dalili nyingine yoyote, mwombe mtaalamu wa maabara atazame kioo kwa hadubini, au damu ichukuliwe upya kwenye chupa yenye sitrati. Ikichukuliwa kwenye sitrati, jibu huzidishwa kwa 1.1 kwa sababu dawa hiyo ni ya maji na huizimua damu.

Hatua ya 2: Soma karatasi kwa makini

Andika pembeni mambo matano: umri kwa miaka, AST, ALT, chembe sahani, na kikomo cha juu cha kawaida cha AST kilichochapishwa na maabara yako. Kikomo hicho hutofautiana kati ya maabara na maabara. Mara nyingi kiko karibu na 35 hadi 40.

Chembe sahani ndizo zinazokosewa sana, kwa sababu ya vizio. Karatasi moja itaandika 118, nyingine 118,000, na zote mbili zinasema kitu kilekile. Kanuni mbili za kukadiria kovu tutakazotumia hapa chini, APRI na FIB-4, zinataka namba fupi, yaani mabilioni ya chembe kwa lita. Ukikuta 118,000 kwa maikrolita, ondoa sufuri tatu ubaki na 118. Kiwango cha kawaida kwa watu wengi ni kati ya 150 na 400. Ukimaliza hesabu ukapata 0.001 au 1,400, rudi hapa: umekosea vizio.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya APRI

APRI ilichapishwa mwaka 2003, ikitokana na wagonjwa wa homa ya ini C. Inatumia vitu viwili tu, AST na chembe sahani:

Gawanya AST kwa kikomo chake cha juu. Zidisha kwa 100. Gawanya kwa chembe sahani.

Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 46 mwenye AST 68, ALT 54, chembe sahani 118, na kikomo cha AST cha 40. Sitini na nane gawanya kwa 40 ni 1.7. Zidisha kwa 100 upate 170. Gawanya kwa 118: APRI ni 1.44.

Angalia jinsi kikomo kinavyoweza kubadilisha jibu. Kama maabara ingetumia 35 badala ya 40, mtu huyuhuyu angepata takriban 1.65. Kwa hiyo ukiwa unafuatilia APRI miaka na miaka, tumia kikomo kilekile kila mara na ukiandike kwenye jalada.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya FIB-4

FIB-4 ilifuata mwaka 2006, na ilizaliwa kwa watu waliokuwa na VVU na homa ya ini C kwa pamoja. Inaongeza umri na ALT:

Zidisha umri kwa AST. Weka jibu pembeni. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ukizidishe kwa chembe sahani. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Kwa mtu yuleyule: 46 mara 68 ni 3,128. Kipeuo cha pili cha 54 ni takriban 7.35, mara 118 ni takriban 867. Ukigawanya 3,128 kwa 867 unapata 3.61.

Kosa linalojirudia ni kusahau kipeuo cha pili na kugawanya kwa ALT nzima. Jibu hutoka dogo sana, na mgonjwa mwenye sirosisi anarudishwa nyumbani akiwa amepewa matumaini. Simu yoyote ina kikokotoo chenye alama ya kipeuo; ukigeuza simu ilale ubavu mara nyingi alama hiyo hujitokeza.

Hatua ya 5: Linganisha na mipaka ya ugonjwa husika

Hapa B na C zinaachana njia, na kuzichanganya ni hatari.

Kwa homa ya ini C, mipaka ya asili ya FIB-4 ni 1.45 na 3.25. Chini ya 1.45, kovu kubwa la F3 au F4 lina uwezekano mdogo. Juu ya 3.25, uwezekano ni mkubwa. Kwa APRI, chini ya 0.5 ni dalili njema, juu ya 1.5 huashiria kovu la maana, na juu ya 2 huashiria sirosisi. Katika utafiti wa mwanzo wa FIB-4, waliokuwa chini ya 1.45 na kweli hawakuwa na kovu kubwa walikuwa 90 katika kila 100. Lakini waliokuwa juu ya 3.25 na kweli walikuwa nalo walikuwa 65 tu katika kila 100. Soma namba hizo mbili tena. Maana yake ni kwamba jibu la chini linaaminika sana kuliko jibu la juu. Jibu la juu ni sababu ya kuchunguza zaidi na kuchukua tahadhari, si hukumu.

Jambo lingine la C: tangu 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kila mtu mzima mwenye homa ya ini C sugu atibiwe bila kujali ini limefikia ngazi gani. Kwa hiyo mtu asikuzuilie dawa kwa sababu FIB-4 yako ni ndogo. Namba zinatumika kujua nani huenda ana sirosisi, maana huyo anaweza kuhitaji dawa kwa muda mrefu zaidi kutegemea aina ya dawa, na atahitaji kufuatiliwa hata baada ya kupona.

Kwa homa ya ini B mambo yamebadilika karibuni. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 ulitaja APRI ya zaidi ya 2 kuwa alama ya sirosisi. Mpaka huo ulikuwa juu mno: ulikamata takriban theluthi moja tu ya wenye sirosisi, wengine wakapita chini yake. Mwongozo wa 2024 umeushusha. Sasa, kwa watu wazima, APRI ya zaidi ya 0.5 inahesabiwa kuwa kovu la maana linalostahili dawa, na zaidi ya 1 inahesabiwa kuwa sirosisi. Mtu wetu mwenye 1.44, kama ana B, kwa mpaka wa zamani angeambiwa bado. Kwa mpaka wa sasa anaanza dawa. Kama kliniki yako bado inatumia 2, onyesha mabadiliko haya kwa heshima na uombe jalada lako litazamwe upya.

Tena, kwa B kovu si mlango pekee wa kuingilia kwenye dawa. Mwongozo huohuo unawapa dawa wenye virusi zaidi ya 2,000 kwa mililita pamoja na ALT iliyopanda, ambapo kikomo cha ALT kimewekwa 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Unawapa pia wenye VVU, homa ya ini C au D, wenye kisukari au ini lenye mafuta, wanaotumia dawa za kupunguza kinga kwa muda mrefu, na wenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini au sirosisi. APRI ya 0.3 haimwondoi mtu wa namna hiyo kwenye foleni.

Hatua ya 6: Uliza ni nini kinaweza kuwa kimeipotosha namba

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote. Kanuni haijui lolote kumhusu mgonjwa. Inajua namba tatu au nne tu, na kila moja ina njia zake za kudanganya.

Anza na mlipuko wa homa ya ini B, yaani kipindi ambapo ugonjwa uliotulia mwilini mwa mtu huwaka ghafla. Chukua kijana wa miaka 24, AST 210, ALT 340, chembe sahani 215, kikomo 40. APRI yake ni 2.44, yaani sirosisi. FIB-4 yake ni 1.27, yaani salama ukiilinganisha na ule mpaka wa 1.45 wa C. Zote zimepigwa sawasawa. Kilichotokea ni kwamba kinga yake inapambana na virusi, seli za ini zinakufa kwa wingi, na AST iliyofurika imeipandisha APRI. Wakati huohuo umri mdogo na ALT kubwa vimeishusha FIB-4. Hakuna inayosema kweli juu ya kovu. Miezi mitatu baadaye AST imeshuka hadi 38, ALT 45, chembe sahani 220: APRI sasa ni 0.43 na FIB-4 ni 0.62. Kwa hiyo wakati wa mlipuko usipime kovu. Subiri vumbi litue. Ila tahadhari: kinachosubiri ni makadirio ya kovu, si matibabu. Mtu aliye katika mlipuko akiwa na macho ya manjano, au damu yake inachelewa kuganda, anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Umri nao ni mtego wa FIB-4, kwa kuwa umezidishwa moja kwa moja. Mzee wa miaka 71 mwenye AST 30, ALT 22 na chembe sahani 190 anapata 2.39, iko katikati, ilhali vimeng'enya vyake vyote ni vya kawaida na APRI yake ni 0.39. Katika ugonjwa wa ini lenye mafuta, wataalamu wamepandisha mpaka wa chini hadi 2.0 kwa waliovuka miaka 65, kwa sababu hiyohiyo. Kwa walio chini ya miaka 35 FIB-4 hukosea upande wa pili, na kwa watoto haifai kabisa.

Chembe sahani hushushwa na mengi yasiyohusiana na kovu la homa ya ini: malaria, homa ya dengi, VVU, baadhi ya dawa, ujauzito, magonjwa ya kinga. Kichocho cha tumboni kinahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu huvimbisha bandama na kupandisha shinikizo la mshipa wa ini bila ini lenyewe kuwa na sirosisi. Mtu wa hivyo atakuwa na APRI ya kutisha. Kinyume chake, upungufu wa madini ya chuma unaweza kupandisha chembe sahani, na mtu aliyetolewa bandama huwa nazo nyingi. Kwa hao wawili namba hutoka ndogo na kovu linajificha.

Pombe hupandisha AST kuliko ALT. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu pombe, na mhudumu asikilize bila kukunja uso, la sivyo ukweli hautatoka.

Halafu kuna homa ya ini D, ambayo humpata tu mwenye B na hufanya makovu kwa kasi kubwa zaidi. APRI na FIB-4 hazifanyi kazi vizuri kwa wagonjwa hawa. Kila mwenye B apimwe D angalau mara moja.

Mwisho wa hatua hii, mtazame mtu mwenyewe. Tumbo limejaa maji, mgonjwa ametapika damu, kinyesi ni cheusi kama lami, anachanganyikiwa, macho ni manjano? Sirosisi yake imeshajitangaza. Hakuna kanuni inayoweza kumwambia hana, na kumchelewesha ili upige hesabu ni kumdhulumu.

Hatua ya 7: Namba zikiwa katikati, au zikipingana

Watu wengi huangukia katikati, kati ya mpaka wa chini na wa juu. Hilo si kosa la mtu; kanuni zilijengwa hivyo ili ncha zake mbili ziaminike zaidi.

Kipimo kinachofuata kikipatikana ni elastografia, mashine inayotuma mtetemo ubavuni na kupima ugumu wa ini kwa kizio cha kilopaskali. Haichomi, na humalizika kwa dakika chache. Kwa B, mwongozo wa 2024 unahesabu zaidi ya 7 kuwa kovu la maana na zaidi ya 12.5 kuwa sirosisi. Nenda ukiwa hujala kwa saa kadhaa, maana chakula hupandisha ugumu, na usipimwe wakati wa mlipuko, kwa kuwa ini lililovimba nalo huonekana gumu.

Pasipo na mashine hiyo, kuna alama nyingine za damu. GPR hupigwa kama APRI, ila badala ya AST unaweka kimeng'enya GGT na kikomo chake. Ilichapishwa mwaka 2016 kutokana na wagonjwa wa homa ya ini B wa Afrika Magharibi. Nchini Gambia ilifanya vizuri kuliko APRI na FIB-4, lakini si kila mahali ilikojaribiwa baadaye ilishinda. Mimi huiona kama shahidi wa tatu pale mashahidi wawili wa kwanza wanapogombana.

FibroTest huchanganya protini na kemikali tano za damu, zikiwemo haptoglobini na bilirubini, pamoja na umri na jinsia. Si nzuri kwa mtu mwenye selimundu, kwa sababu kupasuka kwa chembe nyekundu hushusha haptoglobini na kupandisha bilirubini, na jibu hutoka baya bila sababu. ELF ni tofauti na zote zilizotangulia: hupima vitu vitatu vinavyotokana na ujenzi na uvunjaji wa kovu lenyewe, kimojawapo asidi ya hayaluroniki, ambayo hupanda baada ya kula. Vipimo hivi viwili huhitaji maabara maalumu na hugharimu zaidi. Kama pesa ni ya kimoja tu, mimi ningechagua elastografia.

Kama hakuna chochote kati ya hivyo, rudia APRI na FIB-4 baada ya miezi michache, wakati mwili umetulia. Mwelekeo wa vipimo vitatu au vinne husema mengi kuliko kipimo kimoja. Chora jedwali dogo kwenye daftari: tarehe, AST, ALT, chembe sahani, APRI, FIB-4, na mstari wa maelezo kama vile "nilikuwa na malaria". Mstari huo wa mwisho ndio utakaomsaidia daktari mwaka ujao.

Hatua ya 8: Yafanyie kazi majibu

Namba zikiwa chini, na dawa hazihitajiki kwa sababu nyingine, rudia kila mwaka. Homa ya ini B hubadilika. Aliyekuwa salama akiwa na miaka 30 anaweza asiwe salama akiwa na 40.

Namba zikielekea sirosisi, mambo matatu yafanyike bila kungojana. Kwanza dawa za virusi. Pili, utrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita kutafuta saratani ikiwa bado ndogo. Tatu, ini lipimwe linafanyaje kazi, kwa albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda. Hili la tatu husahauliwa kwa sababu watu hudhani APRI na FIB-4 zimeshalijibu. Hazijalijibu. Zenyewe hukadiria kovu, na ini lenye kovu kubwa linaweza kuendelea kufanya kazi zake zote kwa miaka.

Swali la kupimwa umio kwa kamera, kuangalia mishipa iliyovimba inayoweza kupasuka, nalo lina msaada wa chembe sahani. Kwa mwenye sirosisi iliyotulia, ugumu wa ini ukiwa chini ya kilopaskali 20 na chembe sahani zikiwa zaidi ya 150, kipimo hicho kinaweza kuahirishwa kwa usalama.

Baada ya dawa

Virusi vikidhibitiwa, AST na ALT hushuka ndani ya wiki au miezi michache, na APRI na FIB-4 hushuka nazo. Familia hufurahi, na furaha hiyo ni halali. Lakini kilichoshuka upesi hivyo ni uchochezi. Kovu huyeyuka polepole, kwa miaka, na kwa wengine haliondoki lote. Mipaka tuliyoitumia ilipimwa kwa watu ambao virusi vyao vilikuwa bado hai, kwa hiyo usiitumie kutangaza kwamba sirosisi imeondoka.

Kwa mtu aliyeanza dawa akiwa na sirosisi, iwe amepona C au amedhibiti B, utrasaundi ya kila miezi sita inaendelea hata FIB-4 ikishuka hadi 1. Wataalamu wengi huwafuatilia vivyo hivyo waliokuwa na F3. Mwombe daktari aandike kwenye jalada, kwa maneno yanayosomeka, ngazi ya kovu uliyokuwa nayo kabla ya kuanza dawa, ili hata ukihamia kliniki nyingine anayekupokea asidanganywe na namba nzuri za leo.